Desemba Mlimani Elgon: Asubuhi Njiani, Jioni Mekoni

Mvua ikishakatika mwishoni mwa Novemba, nchi iliyo chini ya Mlima Elgon hubadilika sura kwa wiki chache tu. Mahindi ya Trans Nzoia yaliyopandwa Machi na Aprili yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu shambani. Barabara za Naitiri na Tongaren, zilizokuwa tope hadi juzi, sasa zinatimua vumbi. Kahawa inachumwa Chwele na Kimilili. Mabasi ya usiku kutoka Nairobi yanashusha watu Kanduyi alfajiri, kila mmoja na mzigo wake: unga wa ngano, mafuta ya kupikia, viatu vya watoto, na sweta la kukhu, kama bibi anavyoitwa huku.

Wengi wa hao hukaa siku zao za likizo wakiutazama mlima kutoka uani, kisha hupanda basi na kurudi mjini bila kuukanyaga. Ni hasara isiyokuwa na sababu. Mlima ambao Wabukusu huuita Masaba uko umbali wa safari moja ya matatu kutoka Bungoma au Kitale, na mambo mengi mazuri ya mwezi huu hayahitaji hoteli, gari kubwa wala mfuko mzito. Yanahitaji kujua saa. Siku ya Desemba huku ina sehemu mbili: asubuhi ni ya kutoka, jioni ni ya kukaa karibu na moto. Anayezifuata hizo mbili hupata siku nzima. Anayeamka saa tatu na kunywa chai hadi saa tano amekwisha kuukosa mlima.

Sababu iko angani. Bungoma na Kitale ziko karibu sana na ikweta, kwa hiyo mwezi huu ambao Ulaya hupata giza mapema, huku mchana haupungui. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili u nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili u nusu jioni, hata tarehe 21. Alfajiri ya kiangazi, vilele huonekana wazi kabisa kutoka barabara ya Kimilili. Jua likipanda, hewa ya mabondeni hupata joto, hupanda ubavu wa mlima, hupoa huko juu na kugeuka mawingu. Ifikapo saa saba mchana, mara nyingi vilele vimefunikwa. Anayetaka kuona mbali awe juu kabla ya saa tano, na awe anashuka saa nane.

Jambo la pili ni baridi. Mji wa Bungoma uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale kama mita 1,900, na vilele vya Elgon vinapita mita 4,000. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua takriban nyuzi sita. Mchana wa nyuzi 28 pale Kanduyi unaweza kuwa nyuzi 11 kileleni, kabla hata upepo haujaanza kuvuma, na usiku huko juu umande huganda. Usidanganywe na jua la Bungoma. Pitia soko la mitumba, ununue sweta zito, koti la mvua jepesi, soksi za sufu na kofia ya marvin. Vyote vitagharimu chini ya koti moja jipya la dukani. Vaa nguo nyingi nyepesi moja juu ya nyingine, ili uvue unapopanda na uvae unapopumzika. Na usisahau kofia ya ukingo, kwa sababu jua la mwinuko huunguza ngozi hata hewa ikiwa ya baridi.

Familia yenye watoto wadogo au wazee isianze na kilele. Ianze Webuye. Maporomoko ya Nabuyole, kwenye Mto Nzoia, yako karibu na mji, na ndiyo yaliyoupa mji huo jina lake la kikoloni, Broderick Falls, lililodumu hata kwenye stesheni ya reli. Desemba maji yamepungua kidogo, lakini bado yananguruma, na miamba ya pembeni huonekana vizuri kuliko msimu wa mvua. Miamba hiyo huteleza. Mtoto ashikwe mkono, na asiwepo wa kupiga picha huku akirudi kinyumenyume. Baada ya hapo, pandeni kilima cha Chetambe kilicho juu ya mji. Hapo ndipo Wabukusu walipojikusanya ndani ya ngome yao mwaka 1895 na kupambana na majeshi ya Waingereza na washirika wao. Ukisimama juu unaelewa mara moja kwa nini walipachagua: kila anayekuja kutoka bondeni anaonekana mapema. Ni mahali pazuri pa kumwomba mzee wa familia asimulie anachokijua, kwa sababu historia hiyo haijaandikwa sana vitabuni, na wengi wa wanaoijua vizuri wana umri mkubwa.

Kitale kuna asubuhi mbili nzuri ambazo watu wa mji wenyewe huzisahau. Ya kwanza ni jumba la makumbusho. Lilianza mwaka 1926 kama mkusanyo wa Hugh Stoneham, mzungu aliyependa wadudu, ndege, vitabu na vyombo vya kale. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1974, na ndilo lililokuwa jumba la kwanza la makumbusho ya taifa kujengwa bara. Watoto hukimbilia nyoka na kobe, na waachwe wakimbie, lakini kilicho bora kiko nyuma: njia ya miguu inayopita kwenye kipande cha msitu wa asili kando ya kijito, katikati ya mji, na miti yenye majina. Mtu aliyekulia Nairobi anaweza kujifunza humo, kwa saa moja, miti ambayo babu yake aliijua kwa harufu ya gome tu.

Ya pili ni Saiwa. Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa iko kama kilomita 22 kaskazini mwa Kitale, ukitoka kwenye barabara ya Kapenguria upande wa Kipsaina. Ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini Kenya, takriban kilomita tatu za mraba, na ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja: nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka, anayetembea juu ya matope bila kuzama. Magari hayaingii. Kila mtu hutembea, mzee, mtoto na mtalii, kwenye njia za mbao zilizojengwa juu ya kinamasi, na hupanda majukwaa yaliyosimamishwa kando ya miti ili kutazama chini. Hakuna hifadhi nyingine ya taifa magharibi mwa Kenya inayomfaa mtu asiye na gari kama hii. Shuka matatu, chukua bodaboda hadi langoni, uwe ndani mara tu lango linapofunguliwa.

Siri ya Saiwa ni kunyamaza. Nzohe hutoka kula majani asubuhi na jioni, na hujificha mchana ndani ya mafunjo, pengine kichwa tu kikibaki juu ya maji. Kundi linalocheka kwa sauti halimwoni. Watu wawili au watatu waliokaa jukwaani nusu saa bila kusema neno mara nyingi humwona, tena si yeye peke yake: kuna kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe, shorobo mwenye mbawa nyekundu anayeruka kutoka mti hadi mti, na korongo taji wakipiga kelele kwenye majani. Desemba pia ni mwezi wa ndege wageni. Mbayuwayu wanaokimbia baridi ya Ulaya hujaa juu ya mashamba yaliyovunwa na kwenye nyaya za umeme, na hubaki hadi karibu na mvua za Machi. Mpe mtoto daftari na penseli, aandike kila ndege anayemwona, hata kama jina lake hulijui. Rangi na mdomo vinatosha.

Sasa mlima wenyewe. Elgon ni volkeno iliyozimika zamani sana, pana kuliko ilivyo ndefu, na mpaka wa Kenya na Uganda unapita juu yake. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda. Upande wa Kenya, wapandaji wengi huelekea Koitobos, mlima wenye kichwa bapa unaopita mita 4,100 na unaoonekana kama meza ya mawe. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ya Kenya ilitangazwa mwaka 1968, ina ukubwa wa kilomita za mraba 169, na lango lake kuu ni Chorlim, takriban kilomita 30 kutoka Kitale kupitia Endebess. Malipo hayapokewi kwa pesa taslimu. Lipa kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen kabla hujaondoka mjini, maana mtandao wa simu huko juu hauaminiki, na ubebe kitambulisho ili utozwe ada ya mwananchi.

Mgeni wa mara ya kwanza asikimbilie Koitobos. Siku moja katika msitu wa chini inatosha na inazidi. Mpodo na mteki wa Elgon ni miti ya kutazamwa kwa kurudisha shingo nyuma, na mbega huruka juu yake wakiwa wamevaa manyoya meusi na meupe. Humo pia mna mapango maarufu: Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Kitum huingia ndani ya mlima kwa takriban mita 200, na ukuta wake una alama za pembe. Ndovu huingia humo usiku kutafuta chumvi. Hawachimbi kwa bahati mbaya; hutembea gizani wakipapasa njia kwa mkonga, huvunja mwamba laini kwa pembe, huutafuna, kisha hutoka. Ni miongoni mwa mahali pachache duniani ambapo ndovu wanajulikana kuchimba chumvi ndani kabisa ya ardhi. Mtoto akielezwa hilo akiwa amesimama mlangoni pa pango, hatasahau.

Hapa lazima lisemwe neno zito. Mnamo 1980 mwanamume Mfaransa aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Nzoia, na mnamo 1987 mvulana wa Kidenmaki, waliugua homa ya Marburg na kufa baada ya kuingia Kitum. Baadaye watafiti waliochunguza popo wa matunda katika mapango na migodi ya Uganda walithibitisha kwamba popo hao hubeba virusi hivyo. Hiyo si sababu ya kuukwepa mlima. Ni sababu ya kuyaona mapango ukiwa mlangoni, kufuata agizo la askari wa hifadhi anayekuongoza, kutogusa kinyesi cha popo wala kukanyaga ndani kwa viatu vya wazi, na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Makingeny, ambako maji hudondoka kama pazia mbele ya mdomo wa pango, hutazamika vizuri zaidi kutoka nje.

Na askari huyo achukuliwe kweli. Ndovu na nyati wamo msituni, na nyati aliyeshtuliwa kichakani hana subira. Kutembea bila mwongozo mle ndani hakuruhusiwi, wala hakufai kutamaniwa.

Anayetaka kilele ajipe siku mbili. Kulala Bungoma, kuamka saa tisa usiku na kutaka kusimama Koitobos mchana huo huo ni kupanda karibu mita 2,800 kwa mkupuo mmoja, na mwili hulipiza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu na miguu kuwa mizito. Lala Endebess au kwenye kambi ndani ya hifadhi, ule wanga wa kutosha, unywe maji mengi. Asubuhi gari hupanda kupitia msitu, kisha mianzi, hadi barabara inapokwisha kwenye nyika ya juu. Kutoka hapo ni mwendo wa saa tatu au nne kwa miguu kati ya lobelia na senesio, mimea inayopita kimo cha mtu. Kichwa kikiuma sana au mwenzako akianza kutapika, dawa ni moja tu: shukeni. Kilele hakihami.

Upande wa Bungoma una njia yake, na hii hutajwa kidogo mno. Kutoka Kimilili, barabara hupanda hadi Kapsokwony, hupitia msitu wa Kaberwa, na kufika Chepkitale, nyika ya majani iliyoko karibu mita 3,000. Hapo ni kwa Waogiek wa Mlima Elgon, watu ambao kwa vizazi wamefuga ng'ombe na kutega mizinga ya nyuki katika msitu huo, na ambao walipigana mahakamani kwa miaka mingi ili ardhi hiyo itambuliwe kuwa yao. Mgeni asiingie kama anaingia uwanja wa umma. Mpate mwenyeji Kapsokwony atakayekuongoza, msalimie wazee, na ukiuziwa asali usiigombee bei. Asali ya huko ina harufu ya maua ya msitu ambayo asali ya dukani haina. Beba chakula chako na rudi na takataka zako zote. Nyika hiyo haina gari la taka.

Chakula cha njiani kisisumbue akili. Viazi vitamu vya kuchemsha, nduma, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga za kukaanga na themosi ya chai ya maziwa yenye tangawizi hushinda biskuti za aina yoyote, na watu wanne hushiba kwa bei ya chupa chache za soda.

Saa nane au tisa, rudi. Sehemu ya pili ya siku inaanza.

Nyumbani Desemba ni kazi, lakini ni kazi ambayo watu huifanya wakicheka. Wiki moja kabla ya Krismasi, katika maboma mengi ya mashambani, akina mama na mabinti husiriba nyumba za udongo upya kwa samadi na udongo laini, kisha hupaka sehemu ya chini ya ukuta udongo wa rangi, mweupe au mwekundu, kwa mistari na maua yaliyochorwa kwa vidole. Watoto wa mjini wanaokuja likizo wapewe ndoo na kipande cha ukuta chao. Mchoro utakaoharibika utasiribwa tena kesho.

Mti wa Krismasi hauhitaji kununuliwa. Nyua nyingi za nyanda za juu, hasa Kitale, ni za msaiprasi, na ua huo unahitaji kupogolewa mwezi huu hata hivyo. Kata tawi la pembeni lenye umbo zuri, lisimamishe kwenye mkebe wa rangi uliojaa mawe na udongo mbichi, ulimwagilie kila siku, nalo litabaki kijani hadi mwaka mpya. Usiende msituni kukata mtarakwa au mpodo mchanga. Mti huo huchukua miaka mingi kukua na ni kosa la jinai kuukata. Na anayetaka kupanda mti badala ya kuukata asubiri mvua za Machi, kwani mche uliopandwa Desemba hufa kwa kiu isipokuwa uwe karibu na mto.

Kisha kuna mahindi. Jioni ya kupukuchua mahindi, watu wameketi kwenye turubai, magunzi yakirundikana upande mmoja na punje upande mwingine, ndiyo mkutano mzuri wa familia kuliko wowote wa sebuleni. Mikono ina kazi, kwa hiyo simu hukaa mifukoni, na mazungumzo hutembea. Humo ndimo vijana huulizia majina ya mababu, na kuka, babu wa nyumba, hupata nafasi ya kusimulia bila kukatizwa. Wakati huo huo kuna jambo la maana la kupima. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, la sivyo huota ukungu wenye sumu. Asiye na kipimo atumie chupa: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka punje hadi robo au theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, uache kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Ikidondoka yote chini, jaza gunia. Watoto hupenda kazi hiyo na huifanya kwa makini kuliko watu wazima.

Wenye mashamba ya kahawa wana furaha nyingine ambayo, ajabu, wengi wao hawajawahi kuionja. Kahawa ya miteremko ya Elgon ni arabika nzuri, lakini karibu yote hupelekwa kwenye kiwanda cha chama cha ushirika, na mkulima hunywa chai. Weka kando kilo mbili tatu za matunda mekundu yaliyoiva. Menya ganda, loweka mbegu usiku kucha au zaidi hadi utelezi utoke, osha, anika juani juma moja au mawili ukizigeuza kila siku na kuziingiza ndani usiku. Zikishakauka, twanga polepole kwenye kinu ili ngozi itoke bila kuvunja mbegu, pepeta, kisha kaanga kwenye sufuria nzito juu ya moto wa wastani, ukikoroga bila kuacha kwa dakika kumi na tano hivi hadi zigeuke kahawia na kuanza kutoa sauti ya kupasuka. Ziache zipoe, zisage, chemsha. Ukianza mwanzoni mwa Desemba, utainywa asubuhi ya Krismasi, kahawa ya shamba lako mwenyewe.

Mezani, Krismasi ya Bungoma bila ingokho si Krismasi. Kuku awe wa kienyeji, ikiwezekana jogoo aliyekomaa. Akishanyonyolewa, mbabue juu ya moto wa kuni hadi ngozi ipate rangi ya dhahabu na harufu ya moshi. Mkate vipande, mtie maji na chumvi, mwache achemke polepole saa moja na nusu hadi mbili. Binzari, nyanya na viungo vya pakiti si vibaya, lakini vinaficha ladha ambayo mtu amesafiri usiku kucha kuifuata. Angalau sufuria moja ipikwe kwa chumvi tu. Imondo, yaani firigisi, humwendea mzee wa nyumba, na heshima hiyo isipuuzwe na mpishi mwenye haraka.

Ugali uwe obusuma bwa wimbi. Wimbi na muhogo mkavu husagwa pamoja mashineni. Kila familia ina kipimo chake, na muhogo ukizidi ugali hunata zaidi. Hukorogwa kwa nguvu kuliko ugali wa mahindi, na huachwa uive kwa moto mdogo hadi harufu ya unga mbichi iishe. Kando yake kuwe na kunde, saga au mrenda. Mrenda upikwe kwa musherekha, chumvi ya majivu iliyochujwa kwa maji, na usiufunike maana hufura na kumwagika. Kwenye boma la Kisabaoti, upande wa juu, mgeni atakaribishwa mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa. Kipokee kikombe kwa mikono miwili.

Sikukuu yenyewe ikishapita, kuna tarehe 26 na siku zinazofuata, na hizo ni za kandanda. Vijiji vingi huandaa mashindano yao, zawadi ikiwa mbuzi au jezi, na waliorudi kutoka mjini huchezea timu za utotoni mwao. Nchi hii ina haki ya kuupenda mchezo huo: Elijah Masinde, kabla ya kuanzisha Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940 na kufungwa na wakoloni, aliwahi kuichezea Kenya. Mwaka ukiwa wa tohara ya Wabukusu, ambayo hufanyika Agosti ya kila mwaka wa shufwa, mwisho wa mwaka pia huja khukhwalukha, sherehe ya vijana waliotahiriwa kutoka na kupokelewa kama watu wazima. Ukialikwa, nenda, beba zawadi, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Usiku ni wa anga. Mbali na taa za mji, Kilimia huonekana juu sana Desemba nzima, kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana ambacho wakulima wa Afrika Mashariki wamekitumia kujua majira kwa karne nyingi. Usiku wa kuamkia tarehe 14, Dunia hupita kwenye vumbi la vimondo viitwavyo Geminidi, na mwezi usipokuwa mkali, mtu aliyelala chali kwenye mkeka kuanzia saa nne za usiku anaweza kuhesabu makumi kwa saa moja. Hakuna chombo kinachohitajika isipokuwa blanketi, na macho yaliyopewa dakika ishirini kuzoea giza bila kutazama simu.

Baridi ya Kitale au Kapsokwony itakushawishi kuingiza jiko la makaa chumbani. Usifanye hivyo, hata kwa saa moja. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na huua watu waliolala kabla hawajajua wanaumwa. Kaa mekoni, madirisha na mlango vikiwa wazi, moto uzimwe kabla ya kulala, kisha ongeza blanketi.

Waliobaki hadi mwisho wa mwezi na wamechoka kupanda wanaweza kufunga likizo kwa safari fupi ya Kapenguria, kama kilomita 35 kutoka Kitale. Jela ya zamani ya mji huo sasa ni makumbusho. Kapenguria ndipo kesi ya Jomo Kenyatta, Achieng Oneko, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba ilipofanyika, kuanzia mwishoni mwa 1952 hadi hukumu ya Aprili 1953. Ukitoka mapema, utarudi Kitale mchana na kuwahi matatu ya Bungoma.

Tiketi ya kurudi Nairobi ikatwe kabla ya tarehe 20, maana nauli hupanda na viti huisha siku za mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Asiyefungwa na kalenda ya shule angoje. Kiangazi cha Elgon huendelea hadi Februari, anga ya asubuhi ni ile ile, na katika wiki ya pili ya Januari kambi za hifadhi huwa na nafasi.